Programu za mikopo na siri za simu yako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu programu za mikopo ya haraka, hasa Kenya na Tanzania, kwa kuwa huko ndiko madhara ya data kuchukuliwa kimyakimya yanakoonekana wazi kabisa: bosi, shemeji na mwalimu wa mtoto wanapigiwa simu kuhusu deni lisilowahusu. Mengi ya yaliyomo yanagusa pia programu ya tochi, ya hali ya hewa au ya kibla. Majina ya menyu ni ya Android iliyowekwa Kiswahili. Kwenye Tecno, Infinix, Samsung na Xiaomi yanaweza kutofautiana kidogo, lakini njia ni ileile.

Nikibonyeza "Ruhusu", wanachukua nini hasa?

Inategemea umeruhusu nini, na hapa ndipo wengi wanapopitwa, maana visanduku vya ruhusa hujitokeza kimoja baada ya kingine na kidole kinabonyeza tu.

Ruhusa ya anwani inatoa orodha nzima ya majina: jina ulivyoliandika ("Mama Asha Duka", "Bosi HR"), namba zote za mtu huyo, barua pepe, na hata maelezo uliyoandika pembeni. Android nyingi zilizo mikononi mwa watu hazikupi nafasi ya kuchagua. Ni wote au hakuna. Wala usitarajie kuona bando likipungua. Majina 800, kila moja likichukua herufi 50 hivi pamoja na namba, ni kilobaiti 40 tu. Picha moja ya WhatsApp kwa kawaida ni nzito kuliko hiyo. Orodha inaweza kuwa imefika kwenye seva yao kabla hujamaliza kuandika namba ya kitambulisho.

Ruhusa ya SMS ni nzito zaidi ingawa haizungumzwi sana. Meseji za M-Pesa, Airtel Money au Mixx by Yas zina kiasi, salio, tarehe, na jina la aliyetuma na aliyepokea. Ukizipanga za miezi sita unajua mshahara unaingia lini, kodi ya nyumba ni kiasi gani, nani anamtumia nani pesa kila Ijumaa, na mtu anadaiwa wapi pengine. Tena ni huko huko zinakoingia namba za uthibitisho za benki. Programu inayosoma SMS inazisoma na hizo.

Rekodi ya simu inaonyesha unayempigia mara nyingi na kwa muda gani, kwa hiyo inawasaidia kujua nani kati ya wale 800 ni mtu wako wa karibu. Mahali panaweza kuwa sahihi kwa mita chache, au pa makadirio. Tangu Android 12 (2021) unaweza kuchagua makadirio, yaani eneo la kilomita za mraba 3 hivi. Kamera ndiyo pekee yenye sababu ya moja kwa moja, kwani wanahitaji picha ya kitambulisho na ya uso. Iruhusu "Wakati huu pekee".

Wanasema wanahitaji majina ili kupima kama ninakopesheka. Ni kweli?

Kwa sehemu ndogo. Kuna mifumo inayolinganisha namba zako na za wateja wengine ili kunusa utapeli, mfano laini kumi zinazofanana orodha nzima. Lakini kipimo cha kweli cha uwezo wa kulipa kimo kwenye miamala ya pesa na historia ya CRB (taasisi ya kumbukumbu za mikopo), hakimo kwenye jina la fundi wako wa friji. Kazi ambayo orodha ya majina imeifanya vizuri kuliko zote ni kukusanya madeni kwa kuaibisha watu. Hiyo ndiyo dhamana yao: hujaweka shamba wala pikipiki, umeweka heshima yako mbele ya watu unaowajua.

Si Google walishakataza jambo hili?

Walikataza. Kuanzia tarehe 31 Mei 2023, programu za mikopo ya binafsi zilizoko Play Store haziruhusiwi kuomba anwani, picha na video zako, wala mahali sahihi. Kabla ya hapo, sera iliyotangazwa Oktoba 2018 ilikuwa imebana matumizi ya SMS na rekodi ya simu kwa programu zote.

Matundu yamebaki matatu. La kwanza ni faili la APK (faili la kusakinisha programu) linalotumwa kwa kiungo cha WhatsApp, Facebook au SMS. Hilo halipiti Play Store, kwa hiyo sera hailigusi. La pili ni programu inayojisajili kama kitu kingine, au inayobadilika baada ya sasisho. Desemba 2023 watafiti wa kampuni ya usalama ya ESET walitaja programu 18 za mikopo za kijasusi zilizokuwa zimepakuliwa zaidi ya mara milioni 12 kutoka Play Store yenyewe, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizolengwa. Google iliondoa nyingi baada ya kuambiwa. Baada ya kuambiwa, zingatia hilo. La tatu ni simu iliyokuwa na programu ya zamani tangu kabla ya 2023: orodha ilishachukuliwa, na sera mpya hairudishi kilichokwenda.

Nitaijuaje mbaya kabla ya kuiweka kwenye simu?

Anza na muda wa mkopo. Play Store kwa kawaida haikubali programu inayodai mkopo wote ulipwe ndani ya siku 60 au pungufu. Ndiyo maana utaona maelezo yameandika "siku 91 hadi 365", kisha ukiingia ndani unapewa siku 7. Aliyedanganya kuhusu muda, mbele ya Google na mbele yako, hana sababu ya kusema kweli kuhusu data.

Kisha tafuta jina la kampuni, siyo jina la programu. Shuka chini kwenye ukurasa wake hadi sehemu ya mawasiliano ya msanidi, yaani aliyetengeneza programu. Kenya, linganisha jina hilo na orodha ya wakopeshaji wa kidijitali wenye leseni, iliyoko kwenye tovuti ya Benki Kuu. Kumi wa kwanza walipewa leseni Septemba 2022 na orodha imekuwa ikirefushwa tangu hapo. Tanzania, Benki Kuu (BoT) inatoa leseni za huduma ndogo za fedha daraja la pili, na Novemba 2024 ilitangaza majina 69 ya majukwaa na programu zinazokopesha bila idhini. Kama jina halipo kwenye orodha ya wenye leseni, ishia hapo. Nyota 4.5 za watumiaji hazina uzito wowote hapa. Maoni ya kununua ni rahisi kuliko leseni.

Sehemu ya "Usalama wa data" kwenye Play Store isome, ila ujue imeandikwa na mwenye programu mwenyewe. Utafiti wa Mozilla wa Februari 2023 uliangalia programu 40 maarufu na kukuta karibu asilimia 80 maelezo hayo hayalingani vizuri na sera zao za faragha. Chombo cha kuaminika zaidi ni Exodus Privacy, shirika la Ufaransa lisilo la faida: unaandika jina la programu kwenye tovuti yao, unaona ruhusa zote zilizomo na vifuatiliaji vilivyofichwa ndani. Ni bure. Programu ya mikopo yenye READ_CONTACTS (kusoma anwani) au READ_SMS (kusoma SMS) kwenye orodha hiyo, achana nayo.

Nimeshaiweka na nimeruhusu kila kitu. Nianzie wapi?

Mpangilio una maana hapa. Watu wengi hukimbilia kuifuta, wanapoteza ushahidi na nafasi ya kufunga akaunti.

Kwanza, piga picha za skrini: ukurasa wa mkopo wenye kiasi, riba na tarehe, ukurasa wa ruhusa, sera ya faragha, na jina la msanidi kwenye Play Store. Pili, nenda Mipangilio, Programu, chagua programu yenyewe, kisha Ruhusa, na uweke "Usiruhusu" kwa kila kimoja. Tatu, rudi Mipangilio uangalie Ufikiaji maalum wa programu pamoja na Ufikivu. Huku hakupo kwenye orodha ya kawaida ya ruhusa na ndiko hatari kubwa inakojificha: programu yenye Ufikivu inaweza kusoma kilichoandikwa kwenye skrini na kubonyeza kwa niaba yako, na yenye ufikiaji wa arifa inasoma meseji za WhatsApp zikijitokeza juu. Hakuna mkopeshaji halali anayehitaji lolote kati ya haya. Nne, kama hudaiwi, funga akaunti ndani ya programu. Play Store inawataka wasanidi wanaosajili akaunti watoe njia ya kuifuta, ndani ya programu na kwenye tovuti. Tano ndipo ubonyeze "Ondoa".

Kama faili lilitoka nje ya Play Store, badilisha pia PIN ya pesa ya simu na nywila ya barua pepe, ukitumia simu nyingine. Android 13 na zinazofuata huweka kizuizi kabla programu ya nje haijapewa Ufikivu. Ukiona maelekezo ya "ruhusu mipangilio iliyozuiwa" yanatumwa na mkopeshaji, huo si msaada wa wateja.

Nikiifuta, majina yangu nayo yanafutika?

Hapana. Kufuta kunazuia safari zijazo tu. Nakala iliyokwisha kufika kwenye seva inabaki huko hadi mwenyewe aifute au alazimishwe. Ndiyo maana barua ya kuomba data ifutwe ina kazi.

Kenya, kanuni za 2021 za Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 zinampa kampuni siku 7 kukuonyesha data alizonazo juu yako na siku 14 kujibu ombi la kufuta. Omba vyote viwili, kwa barua pepe, na uanze na kuonyeshwa. Taja kwa jina: anwani za simu, SMS, rekodi ya simu, mahali. Watakujibu kwamba sheria inawataka watunze kumbukumbu za mkopo, na kwa mkopo wenyewe wana haki. Jina la dada yako si kumbukumbu ya mkopo.

Inakataa kufunguka nisipoiruhusu anwani. Kuna njia?

Njia bora ni kutafuta mkopeshaji mwingine. Aliye na leseni na anayefuata sera ya Play hawezi kukudai anwani.

Kama huna budi, Android nyingi zinakuruhusu kuongeza mtumiaji wa pili (Mipangilio, Mfumo, Watumiaji), naye huanza na orodha tupu ya majina. Simu za Samsung hazina hilo; zina Folda Salama inayofanya kazi inayofanana. Usiingize barua pepe yako ya kawaida ya Google humo, maana ikisawazishwa tu, majina yote yanamiminika na umerudi ulikotoka.

Kuna wanachochukua bila hata kuniomba?

Kipo. Aina ya simu na toleo la Android, lugha, mtandao wa laini, kiwango cha betri, anwani ya IP (ambayo hutaja mji kwa kukadiria), na kitambulisho cha matangazo. Hiki cha mwisho ni namba moja inayosomwa na programu zote kwenye simu, kwa hiyo anayenunua data kutoka programu ya michezo na ile ya hali ya hewa anaweza kuunganisha kwamba ni mtu mmoja. Kiondoe: Mipangilio, Faragha, Matangazo, Futa kitambulisho cha matangazo. Ni sekunde kumi na hakuna kitakachoharibika kwenye simu. Kwenye iPhone, tangu iOS 14.5 ya Aprili 2021, programu lazima ikuulize kwanza kabla ya kukufuatilia. Jibu ni kukataa.

Mimi sikopi. Nina programu ya tochi na ya nyakati za swala tu. Inanihusu?

Inakuhusu, kwa njia isiyoonekana kirahisi. Msanidi mdogo haandiki kila kitu mwenyewe. Anachukua vipande vya programu vilivyotengenezwa na kampuni nyingine, vya matangazo au takwimu, na kuvipachika ndani ya yake. Wengine hulipwa kwa kuvipachika. Kipande hicho kinarithi kila ruhusa uliyompa mwenye programu. Umeruhusu mahali ili ujue kibla kilipo. Mgeni aliyemo ndani naye anapata mahali ulipo.

Desemba 2013, tume ya biashara ya Marekani (FTC) iliibana kampuni ya programu ya tochi, Brightest Flashlight, kwa kuwapa watangazaji mahali walipo watumiaji huku chaguo la kukataa likiwa pambo tu. Novemba 2020 iliripotiwa kwamba Muslim Pro ilikuwa ikipeleka data za mahali kwa kampuni ya X-Mode, iliyokuwa na wateja wanaofanya kazi za jeshi la Marekani. Muslim Pro ikatangaza kuvunja uhusiano huo, na Januari 2024 FTC ikaitolea X-Mode amri ya kuacha kuuza data za maeneo nyeti. Aprili 2022 iliripotiwa kwamba Google imeondoa programu kadhaa, zikiwamo za swala, baada ya watafiti Serge Egelman na Joel Reardon kukuta ndani yake kipande kinachokusanya namba za simu, barua pepe na mahali.

Mahali unaweza kuandika mwenyewe. Programu nyingi za swala zinakubali uchague "Mombasa" au "Tanga" kutoka kwenye orodha, na nyakati zinatoka sawasawa.

Je, simu inanisikiliza kupitia maikrofoni?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, walipima zaidi ya programu 17,000 za Android na matokeo yakachapishwa 2018. Hawakukuta hata moja inayorekodi mazungumzo kisirisiri. Walichokuta ni programu zinazopeleka picha au video za skrini kwa kampuni nyingine. Tangazo la viatu linalokuja baada ya mazungumzo lina maelezo mengi ya kawaida: rafiki yako alivitafuta mkiwa kwenye WiFi moja, kwa mfano. Tangu Android 12 na iOS 14, nukta ya kijani au ya machungwa hujitokeza juu ya skrini maikrofoni ikitumika. Angalia hiyo.

Nadaiwa kweli, na sasa wanawapigia watu wangu. Nifanyeje?

Deni ni lako na sheria ya faragha hailifuti. Lakini namna ya kulidai ina mipaka. Kenya, Kanuni za Wakopeshaji wa Kidijitali za Machi 2022 zinakataza vitisho, matusi, na kuwapigia au kuwatumia meseji watu walioko kwenye simu ya mteja bila idhini.

Waambie watu wako mapema, kwa meseji fupi: "Namba ngeni ikikupigia kuhusu deni langu, usijibu wala usilipe, nitumie picha ya skrini." Hapo wenye kukuaibisha wanapoteza silaha, na wewe unapata ushahidi wenye namba na saa. Usifute meseji hata ikiwa ya matusi. Ukilipa, lipa kwenye namba ya malipo ya kampuni iliyoko ndani ya programu au mkataba, kamwe usitume kwa namba binafsi ya mkusanya madeni. Fedha hizo mara nyingi hazionekani kwenye akaunti yako na deni linaendelea kusomeka.

Kisha peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya, kwa fomu iliyoko kwenye tovuti yake. Ni bure, huhitaji wakili, na sheria inaipa ofisi siku 90 kumaliza uchunguzi. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kile kilicho kidogo. Ni ndogo kwa kampuni kubwa, kusema kweli. Kinachouma zaidi ni fidia kwa mlalamikaji mmoja mmoja, na leseni kuwekwa shakani.

Mimi sikukopa chochote, jina langu lilikuwa tu kwenye simu ya mtu.

Wewe ndiye mwenye kesi safi kuliko wote. Hukubonyeza "Ruhusu" popote, na aliyebonyeza hakuwa na mamlaka ya kukubali kwa niaba yako. Kenya, Septemba 2023, kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, ilipigwa faini ya shilingi 2,975,000 kwa sababu ya namna hii: majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine zilitumika kutuma meseji na simu za vitisho. Mwaka huohuo Whitepath nayo ilipigwa faini ya shilingi milioni 5.

Uliza anayekupigia mambo mawili: kampuni gani, na namba yangu umeipata wapi. Andika jibu na saa. Usithibitishe jina lako wala uhusiano wako na mdaiwa; kila unachosema kinaingia kwenye mfumo wao.

Tanzania na Uganda nipeleke wapi?

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na malalamiko yanapokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi (PDPC). Suala la riba na leseni, yale ya kausha damu (mikopo ya riba ya kunyonya), ni la BoT; peleka barua kwa wote wawili na uambatanishe picha zilezile. Uganda ina sheria yake ya 2019 na ofisi ya ulinzi wa data binafsi iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya teknolojia ya habari ya nchi hiyo.

iPhone ni salama zaidi?

Kwa hili, ndiyo. Programu ya kawaida kwenye iPhone haiwezi kabisa kusoma SMS wala rekodi ya simu, hata ukitaka. Anwani inaweza, ila tangu iOS 18 (2024) unachagua majina ya kuipa. Ipe mawili.

Niko Muscat, napigiwa kutoka Nairobi kuhusu deni la binamu. Naweza kulalamika?

Unaweza. Sheria ya Kenya inamfunga mchakataji (anayekusanya na kutumia data) aliye na makao Kenya, popote alipo mwenye data. Tumia fomu ileile ya mtandaoni, ambatanisha rekodi ya simu ikiwa na kiambishi cha +254, na utaje majira ya saa unayotumia, kwa sababu Muscat iko saa moja mbele ya Nairobi na mlalamikiwa anaweza kukwepa kwa kusema saa hazilingani.